Mwani wa pwani ya Tanga: maswali ninayoulizwa kila bamvua

Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, yakifika, simu yangu hujaa picha. Mmoja yuko Chongoleani, mwingine Tongoni, mwingine kule Moa karibu na mpaka, na kila mtu kashika furushi linalochuruzika maji akiuliza lile lile: “Huu mwani gani, na unauzika?” Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa sauti ya kurekodi huku chai inapoa, basi nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Mengine jibu lake ni sentensi mbili.

Kabla ya yote, shika hili: mnunuzi hanunui majani. Ananunua ute uliomo ndani ya majani. Ukiujua ute, maswali mengi yaliyo hapa chini utayajibu mwenyewe.

Mwani ni mmea?

Kijijini ndiyo, darasani si mmea kamili. Hauna mizizi ya kunyonya chakula, hauna mishipa ya kupandisha maji, hautoi ua wala mbegu. Kile kinachofanana na mzizi ni kishikizo tu cha kung'ang'ania mwamba. Chakula unakipata kwa mwili mzima: maji yanapita, unafyonza unachotaka, na jua linamalizia kazi. Ndiyo maana kipande kilichokatwa na kufungwa kwenye kamba kinaendelea kunenepa kana kwamba hakuna lililotokea. Kata tawi la mpapai ulitundike hewani uone kama litakua.

Yale majani marefu kama utepe yanayojaa ufukweni baada ya upepo wa kusi, ni mwani?

Hapana, na hili kosa ndilo linaloongoza. Zile ni nyasi bahari. Ni mimea kamili kabisa, ina mizizi, inatoa maua chini ya maji, ina mbegu. Ukitaka kujua, vuta jani mpaka mwisho. Likija na kijishina kinachotambaa chenye pingili, na vijizizi vyeupe vimeng'ang'ania mchanga, hizo ni nyasi. Ni chakula cha nguva na kasa, na ni kitalu cha samaki wadogo. Mwaka juzi kijana mmoja alinikaushia magunia manne ya nyasi bahari kwa bidii ya kupigiwa mfano. Ute hakuna hata tone. Tuliishia kuyatandaza chini ya minazi.

Kuna aina ngapi za mwani?

Spishi ni maelfu duniani. Makundi ya mwani mkubwa, unaoonekana kwa macho, ni matatu: mwekundu, wa kahawia na wa kijani. Yamegawanywa kwa rangi zilizomo ndani ya chembe zake, ambazo kazi yake ni kunasa mwanga wa jua. Wote wana umbijani, ile rangi ya kijani ya majani ya kawaida, lakini mwekundu na wa kahawia wameifunika kwa rangi nyingine zinazonasa mwanga ambao umbijani peke yake hauunasi vizuri.

Hili unaweza kuliona jikoni kwako. Okota mwani wa kahawia, ule wenye vipovu kama shanga, uutumbukize kwenye maji yanayochemka. Hapo hapo unageuka kijani. Rangi ya kahawia imevunjwa na moto na ile iliyokuwa imejificha chini yake imejitokeza. Niliwaonyesha hivyo watoto wa nyumbani, sufuria ikanuka bahari siku mbili, mke wangu hajasahau.

Mbona mwani wa shambani wangu ni wa kijani, halafu nyie mnasema ni mwekundu?

Kwa sababu kundi si rangi unayoiona. Mwani unaolimwa Tanzania, wote, mnene na mwembamba, uko kwenye kundi la mwekundu hata kama shamba lako lina wa kijani, wa kahawia na wa zambarau kwenye kamba moja. Ni kama kuku: mweusi, mweupe, wa madoadoa, wote kuku. Mnunuzi hajali rangi ya mbichi, anajali ute.

Mwani mnene na mwembamba vinatofautiana nini hasa?

Hapa tukae kidogo.

Mwembamba kitaalamu ni *Eucheuma denticulatum*, na wafanyabiashara wanauita spinosum. Ukiushika, matawi yake ni membamba na yamezungukwa na vijimiiba vilivyopangika kwa duru, duru baada ya duru, mpaka kwenye ncha. Mnene ni *Kappaphycus alvarezii*, wenyewe wanauita kotonii. Matawi yake yana nyama, yanateleza, miiba hana au ni michache isiyo na mpangilio. Ukiuvunja mbichi unalia “ta!” kama tango.

Tofauti kubwa ipo ndani. Ute wa yote miwili unaitwa karajinani, lakini si karajinani moja. Wa mnene, aina ya kappa, ukichemshwa na kupoa hushikana ukawa mgumu, unakatika kwa kisu. Wa mwembamba, aina ya iota, hushikana laini na kunesa, ukiubonyeza unarudi. Viwanda vinavyotaka kushikanisha kitu kisawasawa vinamtafuta mnene, na kwa kuwa mnene ni mgumu kuulima, bei yake mara nyingi huwa karibu mara mbili ya mwembamba au zaidi. Sasa unaelewa kwa nini kila mtu anautaka na kwa nini wengi wetu tunaishia kulima mwembamba.

Ukichanganya mnene na mwembamba kwenye gunia moja, utalipwa bei ya mwembamba kwa yote. Hilo ukibahatika.

Huo ute wanaufanyia nini huko unakokwenda?

Angalia kabati lako. Dawa ya meno haichuruziki kwenye mswaki kwa sababu kuna kitu kimeishika. Maziwa ya chokoleti ya pakiti, unga wa kakao hauzami chini. Aiskrimu haigeuki mawe ya barafu. Soseji inakatika vipande vizuri. Chakula cha paka cha kopo kina mchuzi mzito. Mara nyingi kazi hiyo inafanywa na karajinani, na kwenye lebo za vyakula huandikwa E407. Safari ijayo ukinunua dawa ya meno pale Ngamiani, geuza boksi usome.

Kuna ute mwingine wa mwani mwekundu ambao pwani tumeula miaka yote bila kuujua: agari. Ile chaina grasi ya kutengenezea faluda, inayouzwa dukani kama nyuzi nyeupe kavu, ni ute wa mwani, hasa wa jamii za *Gelidium* na *Gracilaria*. Sifa yake ni kwamba ikishaganda haiyeyuki hovyo kwa joto la kawaida, mpaka uichemshe. Ndiyo maana faluda inasimama mezani wakati wa futari hata Tanga inapowaka moto. Sifa hiyo hiyo iliipeleka maabara. Mwaka 1881, Fanny Hesse, mke na msaidizi wa Walther Hesse aliyekuwa akifanya utafiti kwenye maabara ya Robert Koch huko Ujerumani, alipendekeza wapandie bakteria kwenye agari aliyokuwa akiitumia jikoni, kwa kuwa jelatini ilikuwa ikiwayeyukia kwa joto. Mpaka leo ukipimwa kidonda hospitali, wadudu wako wanaoteshwa juu ya ute wa mwani.

*Gracilaria* tunayo kwenye maji yetu, inaonekana kama nywele nene zilizolowa. Lakini biashara yake hapa haijasimama. Usiache kazi kwa ajili yake.

Na mwani wa kahawia? Upo mwingi mno, haununuliwi?

Upo kweli. Ule wenye vipovu vya hewa ni *Sargassum*. Vipovu ndivyo vinavyouinua usimame kuelekea jua, na ukikatika mwambani unaelea. Ule mgumu wenye majani kama vikombe vya pembe tatu ni *Turbinaria*. Ule kama kipepeo cha mkono, wenye mistari ya nusu duara na vumbi jeupe la chokaa, ni *Padina*. Huu wa mwisho kwa macho yangu ndio mzuri kuliko wote, na hauna faida yoyote ya fedha.

Ute wa mwani wa kahawia unaitwa algineti. Dunia inautumia kwenye rangi za vitambaa, bandeji za vidonda, na ule unga uliokorogwa anaokufanya uung'ate daktari wa meno akichukua umbo la meno yako. Lakini viwanda vya algineti vinategemea zaidi mwani mkubwa wa kahawia wa bahari za baridi, unaokua kama msitu. Kwetu maji ya moto, msitu huo hatuna. Kwa hiyo kwa sasa *Sargassum* ya Tanga kazi yake ni mbolea na makazi ya samaki. Walioko visiwa vya Karibi tangu 2011 wanaletewa na bahari marundo yake mpaka fukwe zinanuka, kwa hiyo tusilalamike sana.

Wa kijani je?

*Ulva* ni ule mwembamba kama karatasi ya nailoni, unaona kidole chako upande wa pili. Nchi nyingine wanaula. Kwetu wavuvi wa mitego ya dema wameutumia kama chambo cha tasi, kwa sababu tasi ni mla majani. Ukiuona umejaa ghafla sehemu moja, angalia kuna mfereji gani wa maji machafu karibu, maana unapenda mbolea kama mchicha.

*Caulerpa* una kijishina kinachotambaa na vishada, aina nyingine kama zabibu ndogo. *Halimeda* ni wa ajabu: vipande vigumu vimeungwa kama shanga bapa, na ndani yake umejaa chokaa. Ukifa, vile vipande vinabaki vyeupe na kuwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe unaopigia picha za harusi ni mifupa ya mwani.

Nimeona mawe yenye rangi ya waridi yamepakwa kama rangi ya nyumba. Nani kayapaka?

Mwani mwekundu wenye chokaa. Ni hai. Ndio saruji inayoshikanisha vipande vya matumbawe, na vifaranga vya matumbawe hupenda kutua juu yake. Usiuparue.

Kilimo hiki kilianzia wapi?

Kabla ya kulimwa, mwani wa pori ulikuwa ukiokotwa pwani na kuuzwa nje. Miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuutafiti na kuupigia debe kwamba unaweza kulimwa. Kilimo cha biashara kikaanza 1989 upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kwa vipande vya kupandia vilivyotoka Ufilipino. Kikavuka bara miaka ya 1990: Tanga, Bagamoyo, mpaka Lindi na Mtwara. Wakulima wengi tangu mwanzo ni wanawake. Kina baba walidharau, wakasema ni kazi ya kuchezea majani. Nyumba kadhaa za bati ninazozijua zimeezekwa na majani hayo.

Unapandwaje?

Nitakueleza kama shangazi yangu alivyonifundisha, maana vitabu vinaruka mambo madogo ambayo ndiyo yanaua shamba.

Kwanza mahali. Tafuta mchanga usio na matope, maji yanayotembea lakini yasiyopiga kwa nguvu, mbali na mdomo wa mto. Mwani hautaki maji ya mto yasiyo na chumvi. Karibu na Zigi au Umba masika utalia, na wenzetu wa Bagamoyo hawapandi mbele ya Ruvu kwa sababu hiyo hiyo. Halafu nenda siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa kabisa, usimame pale unapotaka kupanda. Maji yakikuacha mkavu, sogea kuelekea baharini. Yakibaki kati ya kifundo na goti, hapo.

Unapigilia vigingi viwili, unavuta kamba ya milimita nne katikati, kiasi cha mita kumi, ikae juu ya mchanga kama shubiri moja na nusu. Kabla ya hapo, ukiwa nyumbani, kamba umeshaifunga tai-tai, zile kamba ndogo za kushikia mbegu, shubiri kwa shubiri. Mbegu ni kipande kichanga cha kama gramu mia, kinachojaa kwenye kiganja. Kifunge kwa kitanzi kilicholegea kidogo. Shangazi alikuwa akipitisha ncha ya kidole kidogo ndani ya kila kitanzi: kisipoingia, anafungua na kufunga upya. “Ukimkaba koo atakua vipi?” Mbegu iliyokabwa inakatika pale pale kwenye fundo baada ya wiki mbili, unadhani umeibiwa.

Baada ya hapo ni kutembelea shamba kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Unakung'uta tope, unatoa magugu ya bahari, unarudishia kamba zilizolegea. Wiki sita hivi unavuna. Vuna shada zima, kisha chagua ncha changa, safi, uzifunge tena. Watu wanauza ncha nzuri na kupanda vikongwe, halafu wanalaumu bahari.

Usikate mikoko kufanya vigingi. Ipo miti mingine.

Kwa nini mwani mnene unakufa kila mwaka?

Joto, kwa neno moja. Lakini sikiliza joto linavyoingia.

Pwani yetu bamvua hupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Maana yake maji yanakuwa machache kabisa jua likiwa linapanda utosini. Wakati wa kaskazi, msimu wa joto, upepo mwepesi, mbingu nyeupe, yale maji ya kwenye goti yanageuka uji. Mwembamba unavumilia. Mnene unaanza kuchoka: sehemu ya tawi inageuka nyeupe kama mfupa, inalainika, na bakteria wanamalizia. Ukipita mkono inakatika, na nusu ya shada inaondoka na maji. Wakati huo huo vijinywele vya mwani mwingine vinaota juu yake kama ukungu kwenye mkate.

Kuna sababu ya pili. Mbegu zetu hazitokani na mbegu, zinatokana na kukata na kufunga, kukata na kufunga. Kipande cha leo ni nakala ya cha jana, na cha jana nakala ya cha juzi. Ugonjwa unaomuweza mmoja unawaweza wote.

Dawa ya kunyunyiza haipo, tusidanganyane. Kinachosaidia ni kwenda maji ya kina ambako joto halipandi hivyo. Kamba zinafungwa kwenye nanga na maboya, wengine wanatumia chupa za plastiki, na mwani unaelea chini kidogo ya uso wa maji. Mlingotini, Bagamoyo, walijaribu kamba za kuelea mapema, na Dakta Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, amefanya kazi kubwa ya kuzifikisha kwa wakulima. Tatizo ni kwamba kina kinataka mtumbwi na kujua kuogelea, na wengi wa wakulima wetu ni kina mama waliozoea kutembea shambani kwa miguu. Kumwambia mama wa miaka hamsini “nenda kina” bila mtumbwi wala boya la kujiokolea si ushauri.

Kama huna mtumbwi: panda mnene wakati wa kusi maji yakiwa ya ubaridi, na kaskazi ikikaribia geukia mwembamba. Ukiona weupe, vuna mapema kilichobaki kizima. Usifunge mbegu kutoka shada lililougua hata kama ncha yake inaonekana nzima.

Mnunuzi karudisha gunia langu. Ananionea?

Huenda. Huenda pia gunia lako ni baya. Nasimulia letu.

Masika moja tulivuna vizuri, tukaanika mchangani kwa sababu kichanja kilikuwa kimevunjika na kila mtu alisema atakitengeneza kesho. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi mwani umevimba, umepauka, unateleza kama bamia. Tukauanika tena mpaka ukakauka, tukafunga magunia, tukapeleka. Mnunuzi hakufungua hata mdomo wa gunia vizuri. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa ngumi kutoka katikati, akaikung'uta juu ya mizani. Mchanga ukalia kwenye bati kama mvua ndogo. Akanusa, akatutazama, akasema, “Shangazi, huu rudi nao.” Shangazi alimsema njia nzima mpaka nyumbani. Lakini jioni akachukua nyundo, kichanja kikapigiliwa.

Maji ya mvua yanaosha chumvi na kuharibu ute, na ute ndio bidhaa. Mchanga unaongeza uzito ambao kiwanda hakiutaki. Basi: anika kwenye kichanja au turubai, funika usiku, funika mvua ikinusa. Siku mbili tatu za jua zinatosha. Usikaushe mpaka uvunjike kama kuni. Mwani mkavu mzuri bado unapindika kama mpira, na juu umetoa chembe nyeupe za chumvi, ambazo unazikung'uta. Ndani yake kama theluthi ya uzito bado ni maji, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kilo moja ya mkavu inakula kilo saba mpaka kumi za mbichi, kwa hiyo usishtuke rundo likinywea.

Sasa upande wa pili. Kama mwani wako ni safi na mizani ya mtu inasoma pungufu, pima kwanza kwenye mizani yenu ya kikundi mbele ya watu. Na kama ulichukua kamba za mkopo kwa mnunuzi, soma mlikubaliana nini, maana mara nyingi kamba hizo ndizo zinazokufunga umuuzie yeye kwa bei yake.

Unaliwa huku kwetu?

Unalika. Osha sana, loweka maji ya bomba mara mbili tatu ukiyamwaga, chumvi itoke na harufu ipungue. Mwembamba mbichi uliochovywa maji ya moto kidogo unaingia kwenye kachumbari, na ndimu na pilipili. Mnene mkavu ukiloweka usiku, ukachemsha mpaka uyeyuke, unapata ute wa kuzitisha juisi au jemu. Kijiko, si bakuli. Mgeni wangu mmoja alijaza bakuli, juisi ya embe ikasimama na mwiko ndani.

Usile mwani wa karibu na bandari au mifereji ya mji. Unafyonza mwili mzima, nimeshasema, na haufyonzi vizuri tu.

Eti unatibu tezi, presha, sukari na nguvu za kiume?

Mwani una madini joto, hiyo kweli, na kiasi kinatofautiana sana kati ya aina na aina. Madini joto yakipungua mwilini tezi ya shingo huvimba, na yakizidi nayo huisumbua. Mwenye tezi aende hospitali akapimwe, na nyumbani chumvi yenye madini joto inatosha. Hayo mengine ni maneno ya wauza unga kwenye mabasi.

Sabuni ya mwani inalipa?

Kuliko kuuza gunia ghafi, ndiyo, ukipata soko. Unga wa mwani unachanganywa na mafuta ya nazi na kostiki soda, na harufu ya mdalasini au langilangi. Tatizo si kutengeneza. Vikundi vingi vinatengeneza sabuni nzuri mia tatu na kuziuza kwa ndugu na wageni wa maonyesho. Ukiwa huna duka linalozichukua kila mwezi, tengeneza kidogo. Na kostiki inaunguza: vaa glavu, mimina soda kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye soda.

Mbolea?

Nzuri, hasa ya kahawia inayotupwa ufukweni. Iache inyeshewe mvua chumvi itoke, changanya na samadi. Minazi haibagui, inastahimili chumvi. Mchicha unabagua.

Ngozi inaniwasha nikitoka shambani, ni mwani?

Mara nyingi si mwani wako. Ni vile vijinywele vyeusi-kahawia vinavyoota juu ya mwani na nyasi wakati wa joto. Ni bakteria wa jamii ya *Lyngbya*, ingawa watu wanawaita mwani. Vaa mikono mirefu na viatu, jisuuze maji yasiyo na chumvi ukitoka. Viatu vaa hata kama hakuwashi, kwa sababu ya taa, yule samaki mwenye mwiba, anayelala mchangani.

Kilimo cha mwani kinaharibu bahari?

Kidogo kikifanywa hovyo: kung'oa nyasi bahari kusafisha shamba, kukata mikoko, kuacha tai-tai za plastiki zikielea. Kikifanywa vizuri, samaki wadogo wanajificha humo. Tasi na kasa watakuja kula sehemu yao, na kasa anayekula mwani wako bado analindwa na sheria. Hapa Tanga tuna pia Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009, kwa hiyo kabla hujapigilia kigingi uliza serikali ya kijiji na kikundi cha BMU, kile cha usimamizi wa fukwe, kama eneo lako liko ndani yake.

Ni kweli mwani unatupa hewa tunayovuta?

Kwa sehemu. Karibu nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani inatoka kwa viumbe vya baharini, na wengi wao ni mwani mdogo usioonekana bila hadubini, unaoelea. Shamba lako mchango wake ni mdogo mno. Usiweke kwenye andiko la kuomba fedha.

Nikutumie picha gani ili unijibu haraka?

Usipige furushi. Chukua tawi moja, liweke kwenye beseni jeupe lenye maji ya bahari lifunguke, weka sarafu ya shilingi mia mbili pembeni nijue ukubwa. Picha ya pili, ncha kwa karibu, nione miiba ilivyopangika. Ya tatu, sehemu ya chini uliyong'oa, kishikizo au mizizi. Niambie umeutoa kwenye mwamba, kwenye mchanga au kwenye kamba ya mtu. Kama ni kamba ya mtu, urudishe kwanza, halafu ndiyo unitumie.